Kliniki ya Simu kwa Mtoto Anayehitaji Uangalizi Mwingi: Anza Hivi

Kwenye benchi la kliniki ya watoto, maswali ni yale yale. Simu gani inatosha? Daktari ataonaje kifua cha mtoto kupitia kioo cha simu? Nimtumie nini? Netiweki ikikatika katikati, nifanyeje? Kila mama mpya akifika anauliza, na kila mara anajibiwa nusu kwa sababu jina lake linaitwa kabla hatujamaliza. Nimeona niyaweke yote mahali pamoja.

Naandikia mzazi au mlezi wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kifafa, mgongo wazi, selimundu, ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao, kichwa maji aliyewekewa shanti (mrija wa kutoa maji yanayojaa kichwani), au yule anayelishwa kwa mpira wa puani ama anayetumia oksijeni nyumbani. Ukiwa Mfangano, unavuka ziwa kwa boti hadi Mbita kabla hata hujaanza safari ya barabara. Ukiwa Bondo, Mumias au Molo, kumbeba mtoto wa miaka saba asiyeweza kukaa mwenyewe ndani ya matatu ni kazi ya kutwa nzima, na pengine unarudi naye na kikohozi alichokipata kwenye foleni. Kliniki ya simu inakupunguzia safari hizo. Haiziondoi zote.

Jambo moja lishike tangu sasa: daktari wa kwenye simu anaona kile tu unachomwonyesha, na anajua kile tu ulichopima. Mikono yake ni mikono yako. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi inafanyika kabla simu haijapigwa.

Usipige, nenda

Ukiona lolote kati ya haya, usingoje daktari apokee simu. Nenda kituo cha karibu chenye huduma ya dharura.

- Hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila anachopewa.
- Degedege imepita dakika 5, au inarudi kabla hajapata fahamu.
- Amelegea, haamki vizuri, au hakutambui kama kawaida yake.
- Kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au midomo na ulimi vimekuwa vya bluu au kijivu.
- Kipimo cha oksijeni kiko chini ya 90 na hakipandi. Baadhi ya watoto wenye matatizo ya moyo huishi na namba za chini kuliko hiyo. Wao hufuata namba waliyopewa na daktari wao.
- Ana selimundu na joto limefika 38.5, au amepauka ghafla huku tumbo upande wa kushoto limevimba.
- Ana shanti, na anatapika huku akiwa na usingizi usio wa kawaida, au utosi umevimba.
- Mpira wa kulishia umetoka au umesogea. Usiurudishe kwa kuelekezwa kwenye vidio, na usipitishe kitu ndani yake. Hakuna daktari anayeweza kujua kupitia simu kama ncha ya mpira iko tumboni au kwenye mapafu.

Namba za dharura ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya wana 1199. Lakini tuseme ukweli: vijiji vingi vya huku, gari la jirani ndilo linalofika kwanza. Zungumza na mwenye probox au boda leo, mkubaliane nauli ya usiku, na namba yake uibandike ukutani ambapo hata shangazi aliyekuja kutembea ataiona.

Vitu vya kuwa navyo

Simu janja yenye kamera inayoona vizuri. Si lazima iwe ya bei. Bando, na pawabenki au simu ya pili iliyochajiwa, kwa sababu stima haiagi ikiondoka, hasa msimu wa mvua. Kipima joto cha dijitali. Sirinji za kupimia dawa ya maji (kijiko cha chai si kipimo, kila nyumba ina chake). Daftari moja lisilotumika kwa kitu kingine. Kitabu cha mama na mtoto, barua za kutoka hospitali, na namba ya mtoto ya SHA, ile bima ya afya ya serikali. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kama bado hujamwandikisha, piga *147#, maana siku ya kupewa rufaa si siku ya kuanza kujaza fomu.

Kipima oksijeni cha kidoleni nunua tu kama daktari wako amekuambia unakihitaji, na muulize ni cha aina gani. Kile cha watu wazima hakishiki kidole cha mtoto mchanga, na kitakupa namba za uongo zitakazokunyima usingizi bure, au mbaya zaidi, zitakazokutuliza wakati hupaswi kutulia.

Mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lako ana kipima joto na mizani kwenye mkoba wake. Mwombe. Ni kazi yake, na mara nyingi anafurahi kuitwa kwa jambo la maana.

Hatua ya 1: Fika ana kwa ana kwanza

Usianze na daktari ambaye hajawahi kumshika mtoto wako. Nenda kliniki yenu, iwe JOOTRH, hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu (ile wengi bado tunaiita Russia), hospitali ya rufaa ya Nakuru, Kakamega, au Moi kule Eldoret yenye hospitali ya watoto ya Shoe4Africa iliyofunguliwa 2015. Ukiwa ndani ya chumba, kabla hujasimama, uliza maswali haya na uandike majibu: Tunaweza kufuatilia kwa simu kati ya kliniki na kliniki? Nitumie namba gani, siku gani, saa ngapi? Wewe usipopatikana, nani mwingine anajua faili lake? Mambo gani hutaki kabisa nikupigie, unataka nimlete?

Hilo la mwisho ndilo wazazi wengi husahau, na ndilo lenye thamani kuliko yote.

Hatua ya 2: Andika karatasi moja

Ukurasa mmoja tu, kwa maandishi makubwa. Jina, tarehe ya kuzaliwa, uzito na tarehe aliyopimwa, majina ya magonjwa yake, dawa zinazomdhuru, mara ya mwisho kulazwa na sababu. Kama ana mpira, andika saizi, tarehe uliyobadilishwa, na alama ya sentimita inayosomeka pale puani. Kama anatumia oksijeni, andika lita ngapi kwa dakika.

Kwenye dawa, andika vitu vinne kwa kila moja: jina, nguvu iliyoandikwa kwenye chupa, mililita unazompa, na saa. "Nampa 5 ml" haimwambii daktari chochote. Parasetamoli ya maji inauzwa ya 120 mg kwa kila 5 ml na ya 250 mg kwa kila 5 ml. Chupa ikibadilika na wewe usibadilishe kipimo, mtoto amepata dawa zaidi ya mara mbili. Dawa za kifafa nazo ni hivyo hivyo, na huko kosa ni kubwa zaidi. Piga chupa yenyewe picha, lebo ikisomeka, uambatanishe.

Ukurasa huo upige picha, uhifadhi kwenye simu yako na ya mtu mwingine mmoja wa nyumbani.

Hatua ya 3: Ijue hali yake ya kawaida

Hapa tulia, maana hapa ndipo kliniki ya simu inapofaulu au kushindwa. Daktari akiuliza "anapumua haraka?", jibu halitakuwa na maana kama hujui anavyopumua akiwa mzima. Watoto wetu hawafanani na picha za vitabuni. Kuna anayekoroma kila siku, kuna ambaye mikono yake hukakamaa kila anapobadilishwa nepi, kuna ambaye namba yake ya oksijeni ni 93 na yuko salama. Mpime wakati yuko sawa, siku kadhaa, asubuhi na jioni, uandike.

*Pumzi.* Mtoto awe ametulia au amelala, asiwe ananyonya wala kulia. Mvue nguo ya juu. Tazama tumbo likipanda na kushuka, hesabu kwa dakika 1 nzima kwa saa ya simu. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili; watoto wadogo hupumua kwa mafungu. Kwa kawaida pumzi huhesabiwa kuwa za haraka zikifika 60 kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5.

*Joto.* Kwapani, mkono umebanwa, hadi kipima joto kilie. Kuanzia 37.5 ni homa. Kumgusa paji la uso kwa kiganja si kipimo, hata kama nyanya alilea watoto tisa hivyo.

*Oksijeni.* Kidole kiwe na joto, kisiwe na hina wala rangi ya kucha. Mshike asitikisike, ungoje namba itulie ndipo uandike. Namba ikirukaruka kutoka 97 hadi 84 na kurudi, kifaa hakijashika vizuri. Vifaa hivi pia huweza kusoma juu kidogo kuliko ukweli kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo mtoto akionekana vibaya huku kifaa kikisema yuko vizuri, amini macho yako. Na umwambie daktari uko wapi siku hiyo: Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Eldoret takriban 2,100, na mtoto yule yule anaweza kusoma chini kidogo akipanda huko.

*Uzito.* Simama kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha simama peke yako, toa. Mizani ile ile kila mara. Dozi za watoto hufuata kilo, kwa hiyo uzito wa mwaka jana unaleta dozi ya mwaka jana.

*Kichwa,* kwa mwenye kichwa maji: tepu ya fundi wa nguo ipite juu ya nyusi na pale kisogoni panapojitokeza zaidi. Apime mtu yule yule kila mara.

Hatua ya 4: Rekodi vidio kabla ya siku yenyewe

Mtoto hufanya yote uliyoyaona wiki nzima, kisha daktari akipokea simu analala fofofo. Rekodi mapema.

Kwa degedege, mambo haya kwa mpangilio huu: mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, angalia saa. Ndipo mtu mwingine achukue simu. Arekodi mwili mzima kwanza, kisha macho, kisha mikono. Dakika moja au mbili zinatosha. Kama uko peke yako, acha vidio, shughulika na mtoto. Baadaye utamweleza daktari upande gani ulianza, macho yalielekea wapi, ilichukua dakika ngapi, na baada ya hapo alilala au aliamka. Kama mlipewa dawa ya kutumia degedege isipokoma, itumie kama mlivyofundishwa, kisha ondokeni.

Kwa kifua, mwanga wa dirisha utoke ubavuni, si mbele. Ubavuni ndipo kubonyea kwa mbavu kunapoonekana. Zima TV na redio ili sauti ya pumzi isikike. Kwa kidonda au ngozi inayozunguka mpira wa kulishia uliopitishwa tumboni, piga picha mchana bila flashi, uweke sarafu ya shilingi 10 kando ili ukubwa ueleweke. Kwa choo au matapishi, picha moja inatosha.

Tuma vidio mapema, si dakika moja kabla. WhatsApp hupunguza ubora wa vidio. Ukiituma kama dokumenti inafika jinsi ilivyo.

Hatua ya 5: Saa moja kabla

Chaji simu. Tafuta mahali netiweki inashika. Wengine nyumbani inashika chini ya mwembe tu, basi kaa hapo kama hakuna jua kali wala upepo. Mwanga uwe mbele yako, dirisha lisiwe nyuma. Egemeza simu kwenye chupa ya chai ili mikono yako ibaki huru, na kama kuna mtu wa kumshika mtoto, awepo.

Uliza mapema kama daktari au mtaalamu wa lishe anataka kumwona akila. Akitaka, usimlishe kabla. Uji uwe tayari, pamoja na kiti au mto anaoegemea kila siku. Unatakiwa uonyeshe mlo wa kweli, si wa maonyesho. Akikohoa kila kijiko cha tatu, acha daktari aone akikohoa.

Pima joto, pumzi na oksijeni wakati huo, uandike na saa.

Hatua ya 6: Wakati wa simu

Anza na mambo mafupi yaliyonyooka. "Daktari, habari. Ni mama Atieno. Atieno ana miaka 4, kilo 11, ana mtindio wa ubongo na kifafa. Tangu Jumatatu analala sana na amepata degedege mara tatu, kila moja chini ya dakika 2. Joto 37.1, pumzi 28. Dawa hajakosa." Hapo daktari ana pa kuanzia. Ukianza na mambo ya mazishi mliyoenda Ugunja wiki iliyopita, dakika zinaisha.

Kama dawa ilikosekana, sema. Iliisha, pesa hazikuwepo, mtoto alitapika ukaogopa kurudia: sema tu. Daktari akidhani dozi haitoshi wakati kwa kweli haikutolewa, ataiongeza, na hapo mtoto ndiye anayeumia.

Ukielewa vizuri zaidi kwa Kiswahili au Dholuo, omba. Usikubali "ndiyo, daktari" kwa jambo ambalo hukulielewa.

Hatua ya 7: Rudia maagizo kwa sauti

Kabla hajakata: "Nirudie, daktari. Nampa miligramu ngapi, yaani mililita ngapi za chupa hii, saa ngapi, siku ngapi." Omba aandike kwa ujumbe. Kisha uliza: "Nikiona nini, nimlete bila kukupigia tena?" Jibu lake liingie kwenye daftari neno kwa neno.

Hatua ya 8: Kwenye duka la dawa

Beba chupa ya zamani. Kabla hujalipa, linganisha nguvu iliyoandikwa. Ikiwa tofauti, mpigie daktari ukiwa hapo hapo kaunta. Usikubali "ni ile ile tu, kampuni tofauti" bila kusoma namba kwa macho yako. Na dawa ya kifafa usiikatize ghafla kwa sababu imekosekana kwenye maduka ya Kondele, pale Kisumu. Kuikatiza kwenyewe kunaweza kuleta degedege. Piga simu maduka mengine, na umwambie daktari kabla dozi hazijaisha.

Vipimo vya damu havifanyiki kwa simu. Mtoto wa selimundu anayetumia dawa ya hydroxyurea lazima apimwe damu mara kwa mara. Kinachowezekana ni kupimwa hospitali ya karibu na kutuma picha ya majibu, ukiokoa safari ya Kisumu au Eldoret.

Kuhusu siri ya mtoto

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za afya za mtoto wako, na wewe mzazi ndiye unayetoa ridhaa. Tuma picha kwa namba ya kliniki pekee. Usiziweke kwenye kundi la WhatsApp la wazazi hata kama nia ni kuomba ushauri, hasa zile ambazo mtoto hana nguo. Atakua, na picha hizo bado zitakuwa kwenye simu za watu.

Wapo pia wanaojiita madaktari mtandaoni, wanaoahidi kuponya mtindio wa ubongo kwa dawa ya kutumwa na matatu. Kabla hujalipa chochote, angalia jina lake kwenye orodha ya madaktari waliosajiliwa iliyo katika tovuti ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya. Anayekuambia uache dawa za hospitali kwanza, mwachie hapo hapo.

Ikikwama

*Vidio inagandaganda.* Zima kamera, mwendelee kwa sauti, tuma klipu fupi. Sauti safi na klipu nzuri hushinda vidio inayokatika.

*Simu imekatika katikati.* Mkubaliane mwanzoni nani atapiga tena. Msipokubaliana, mtapigiana nyote wawili na kila mmoja atakuta mwenzake anatumika.

*Daktari hapokei.* Tuma ujumbe mmoja wenye jina, umri, uzito, tatizo na vipimo. Usitume "hi daktari" ukangoja. Muda mliokubaliana ukipita na mtoto bado hayuko sawa, mpeleke kituo cha karibu ukiwa na ile karatasi yako.

*Stima imepotea na mtoto yuko kwenye mashine ya oksijeni.* Mtungi wa akiba uwe umejazwa, na uwe umeonyeshwa jinsi ya kuufungua mchana, si gizani. Mshumaa na koroboi visikaribie kabisa oksijeni, tumia tochi. Usiongeze lita kwa kukisia. Kama mtungi hautoshi hadi asubuhi, anza safari mapema, usingoje ubaki robo.

*Vipimo vyako na mtoto unavyomwona havilingani.* Pima tena mara moja. Bado havilingani na moyo wako hautulii? Mpeleke.

*Kituo cha karibu hawamjui mtoto.* Wape ile karatasi, na umwombe mhudumu aliye zamu ampigie daktari wenu wakiwa na mtoto mbele yao. Anayemgusa mtoto akizungumza na anayemjua, mambo mengi hutatuliwa bila rufaa, na rufaa ikihitajika anafika huko huku tayari anatarajiwa.